Bonde la Msimbazi: ufunguo wa geti ukae mtaani

Mhariri,

Jirani yangu anayeuza chapati na maharage hapa Buguruni ameniharibia chai ya asubuhi. Tangu aone kwenye simu ule mchoro wa bonde la mto Msimbazi litakavyokuwa mradi wa kuligeuza bustani ya kupokea mafuriko ukiisha, kijani kitupu, maji yametulia na ndege weupe pembeni, siketi kwenye benchi lake bila kusemwa. "Mama, wanatufugia mbu," ananiambia, utadhani mchoro niliuchora mimi. "Watu wamehamishwa, nyumba zimebomolewa, mabilioni yameteketea, halafu kinacholetwa ni dimbwi!" Wateja wanacheka. Mmoja juzi akadakia kwamba yeye atafungua duka la vyandarua palepale Jangwani.

Wiki mbili nimecheka nao. Sasa naomba nafasi gazetini, maana swali la yule kijana ni la haki na sijasikia likijibiwa.

Mimi si msomi wa wadudu. Siku hizi nashona sare za shule. Ila miaka ile mlikuwa mkinikuta asubuhi nimevaa mabuti ya mpira, nina ndoo mkono mmoja na kata ya kuchotea mkono wa pili, nainama kila penye maji kutafuta viluwiluwi, watoto wa mbu. Watoto wakaniita Mama Viluwiluwi, na hata leo kuna watu wazima wenye ndevu wananisalimia hivyo.

Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulianza Dar es Salaam mwaka 2004 katika kata 15, tano katika kila manispaa ya wakati ule: Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwanzo ilikuwa kuhesabu tu. Maji yako wapi, ni ya namna gani, yana viluwiluwi au hayana. Mwaka 2006 dawa ikaanza kumwagwa kwenye kata tatu, Buguruni, Mikocheni na Kurasini, na hapo ndipo nilipoingia mimi. Kila mtu aligawiwa mashina yake ya nyumba kumikumi, na ramani yake ya kuchora kwa mkono iliyoonyesha kila uwanja, choo, mtaro na shimo. Malipo yalikuwa ya kibarua, elfu tatu kwa siku. Tulikuwa tukitaniana kwamba tumepewa kata mbili kwa mshahara mmoja, moja ya kuchotea na nyingine ya kuzunguka.

Wiki yangu ya kwanza msimamizi alitupeleka ukingoni mwa mto. Palikuwa na kinamasi kizito, matete yamenizidi kimo, tope linanyonya buti. Nikajisemea, hapa leo tutajaza ndoo. Akaniambia chota. Nikazamisha kata taratibu kama alivyotufundisha, ukingo wake umelala ili maji yaingie yenyewe yasije yakawashtua wadudu wakapiga mbizi. Kata ya kwanza nilipata kisamaki cheusi cha urefu wa kucha. Ya pili, konokono. Ya tatu kulikuwa na mdudu wa kutisha mwenye taya, nikataka kuitupa kata. Kumbe ni mtoto wa kereng'ende, na chakula chake ni hao hao niliokuwa nawatafuta. Nilichota kumi, sikupata kiluwiluwi hata kimoja.

Tukarudi barabarani. Hatua kama ishirini kutoka kwenye matete palikuwa na njia ya malori ya mchanga, na matairi yalikuwa yameacha michirizi miwili iliyojaa maji ya mvua. Maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa, kina chake hakifiki kifundo cha mguu, jua limeyapiga hadi yana vuguvugu. Kata moja tu. Niliacha kuhesabu nilipofika arobaini. Vilikuwa vimelala bapa juu ya maji kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, na kivuli changu kilipovipita vikatawanyika kwa kurudi nyuma.

"Kulala" na "kuning'inia" ndiyo alfabeti ya kazi ile. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Cha mbu wa chooni, huyu kuleksi anayetuimbia masikioni usiku, huning'inia kichwa chini na kupumulia mrija wa mkiani. Ukishajua hayo mawili, unaweza kusimama kwenye shimo lolote Dar es Salaam ukasema linazaa homa au linazaa kelele. (Kelele nayo si ya kudharau. Kuleksi ni msambazaji mkubwa wa matende na mabusha pwani hii. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga vyooni chembe za plastiki nyepesi zinazoelea, zikafunika maji kama blanketi, mbu wakakosa pa kutagia. Walivyonisimulia nilidhani natiwa kamba.)

Basi jibu langu kwa muuza chapati ni hili: kinamasi kilichokomaa, chenye samaki na kereng'ende, kinajilinda kwa sehemu kubwa. Mbu anayeongoza kwa malaria kwetu, huyu wa jamii ya Anopheles gambiae, hataki maji yenye wenyewe. Anatafuta maji mapya, mafupi, yenye jua, ambayo adui hajafika, na kwa joto letu hili kutoka yai hadi kuruka ni wiki moja au siku chache zaidi. Alama ya kwato la ng'ombe inamtosha, na msingi wa nyumba iliyosimama kwa kukosa saruji kwake ni hoteli.

Siapi kwamba kinamasi hakina kosa. Yupo mbu mwingine wa malaria, Anopheles funestus, anayependa maji yasiyokauka yenye majani pembeni, na kule chini karibu na Daraja la Salander, kwenye mikoko, yupo anayezaliana hata kwenye maji yenye chumvi chumvi. Kwa hiyo anayetuambia "rudisheni uoto wa asili, mbu wataondoka wenyewe" naye anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini kati ya matete na ule mchirizi wa lori, mimi ningelala jirani na matete.

Tatizo la bonde linalorudishwa liko pembeni yake, na liko kwenye kalenda. Nieleze kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona wakubwa wanapita haraka.

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita kwetu, unaingia baharini Salander. Mafuriko yake tunayajua. Desemba 2011 watu zaidi ya arobaini walikufa jijini, na waliookolewa Jangwani wengine wakapelekwa Mabwepande. Mradi huu wa sasa, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 200 mwaka 2022, nia yake ni kuupa mto nafasi ya kupanuka: maji yapande bustanini badala ya kupanda vitandani mwa watu. Mimi nimeulilia mradi wa namna hii tangu mafuriko yale, sitausema vibaya. Lakini fikirini pamoja nami. Eneo lililotengenezwa ili lifurike, maana yake litafurika masika na vuli, kila mwaka. Na maji yakishapanda hushuka. Yakishuka huacha vidimbwi kwenye kila bonyeo, kila alama ya buti, kila mahali katapila lilipogeukia. Samaki waliopanda na mto, wengine hubaki humo siku mbili tatu, korongo na yangeyange huja kuwamaliza. Ndipo dimbwi linabaki na jua na mbu peke yao.

Nimeliona hili kwa macho yangu miaka yote niliyozunguka. Wakati wa mafuriko yenyewe, ndoo yangu ilikuwa tupu, maji yamefagia kila kitu. Wiki ya pili baada ya mvua kukatika ndiyo tuliyokuwa tukirudi nyumbani hatuhisi mgongo.

Fundi anaweza kupunguza kazi hiyo. Ardhi ikitengenezwa na mteremko mwepesi unaorudi mtoni, maji yatashuka yote na samaki watashuka nayo. Vibonyeo vinavyobaki viunganishwe na mfereji mdogo, perege apite. Kingo za mabwawa zikiwa zimesimama kidogo, hakuna ule ukanda wa maji ya kifundo cha mguu ambao mbu anaupenda. Kalavati likiwekwa juu kuliko mtaro, siku zote litabaki na maji upande mmoja. Hilo hata fundi wa mtaani anajua, sijui kwa nini makalavati yanaendelea kuwekwa hivyo. Na samaki wawe wa kwetu, perege na kambale na wale wadogo wadogo waliomo tayari. Tafadhali mtu asituletee samaki wa kigeni kwa jina la kula mbu. Gambusia alisambazwa duniani kwa sifa hiyo na sehemu nyingi akawamaliza samaki wenyeji.

Yote hayo yakifanyika bado vitabaki vidimbwi. Ndipo inapokuja ndoo.

Dawa tuliyotumia ni vimelea vya bakteria, Bti kwa kifupi, vilivyopakwa kwenye chembechembe za magunzi ya mahindi. Inanukia kama pumba. Palikuwa na mzee analima mchicha na matembele kwenye matuta karibu na mto, na kati ya tuta na tuta palikuwa pamesimama maji, mazalia ya daraja la kwanza kabisa. Siku ya kwanza alinitoa mbio na jembe: "Utaniulia mchicha!" Nilimwaga konzi moja mbele yake, kuku wake wakazikimbilia na kuzidonoa. Akakaa anawaangalia kuku. Wiki iliyofuata nilimkuta ananisubiri, kuku wazima, akanionyesha yeye mwenyewe mfereji niliouruka. Dawa ile inaua pale tu kiluwiluwi kinapoila. Samaki haimdhuru, kereng'ende haimdhuru. Lakini haikai. Siku chache imekwisha nguvu. Na kiluwiluwi kikishageuka pupa hakili tena, kwa hiyo ukichelewa umechelewa. Ndiyo maana kila shina lilikuwa na siku yake. Jumanne yangu ilikuwa ya mtoni, na Jumanne ilikuwa Jumanne, iwe mvua iwe msiba.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: katika kata zile tatu, uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulishuka kwa takribani asilimia 70. Sikuwahi kushika karatasi yenyewe, nilisomewa na bwana afya tukiwa tumekaa juu ya ndoo. Vyandarua vilikuwepo pia na viendelee kuwepo, ndoo haiondoi neti kitandani.

Leo dawa hata haitoki mbali. Kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia kiko Kibaha, kilijengwa kwa ushirikiano na Wacuba, na mwaka 2017 Rais Magufuli alipokitembelea aliagiza halmashauri zikanunue. Kwa hiyo mtu asiniambie shida ni dawa. Shida ni miguu. Nani atazunguka?

Kuna wanaosema siku hizi kuna ndege ndogo zisizo na rubani, na kweli Unguja mwaka 2019 zilijaribiwa kwenye mashamba ya mpunga. Shambani sawa, kumekunjuka kote kama mkeka. Lakini ndege haiinami kuchungulia kalavati, wala haimuulizi mama mwenye nyumba kama lile shimo la taka nyuma ya choo limejaa.

Na sasa nifike kwenye kilichonifanya nichukue kalamu.

Mwaka mmoja, sitataja ni wapi wala ni nani, palizungushiwa mabati eneo la ujenzi ndani ya mashina yangu. Mashimo ya nguzo yalichimbwa, mvua ikanyesha, kazi ikasimama. Nilikwenda Jumanne yangu, mlinzi akasema hana ruhusa. Nikaenda Jumanne ya pili na barua ya serikali ya mtaa, akasema bosi hayupo. Ya tatu nikamkuta mlinzi mwingine. Nilisimama kwenye upenyo wa bati, nikachungulia. Mashimo nilihesabu kumi na moja, yote yana maji, yote yana jua. Wiki tatu ni vizazi viwili vya mbu. Nyumba tatu nyuma ya bati lile kila moja ilikuwa na mtoto wa homa mwezi ule. Mimi nilijua mbu wanatokea wapi na nilikuwa nimebeba dawa mkononi, na kati yangu na shimo kulikuwa na kufuli. Wasimamizi walikuja kuona jambo hilohilo kata zote: penye uzio ndipo maji yasiyohesabiwa yalipo. Hatukuogopa uswahilini, uswahilini unapiga hodi unakaribishwa hadi na kikombe cha uji. Tuliogopa geti na mbwa.

Bustani ya bonde lazima itakuwa na uzio sehemu kadha wa kadha, na mimi siupingi. Bila uzio itageuka dampo ndani ya mwaka. Mpwa wangu anayepeleka mizigo Kigali alinitumia picha za Nyandungu, ardhi oevu iliyokuwa imeharibiwa wakairudisha na kuifungua mwaka 2022 kama bustani ya watu kutembea. Nzuri, safi, na ina geti. Kwenye picha nilijikuta natafuta kitu kimoja tu, mtu mwenye ndoo. Picha za bustani hazimpigi mtu huyo, labda alikuwepo.

Kwa hiyo naomba waandishi wenu waulize mambo mawili tu siku wakiitwa kwenye mkutano na wahusika wa mradi. Kwanza, fungu la kutunza bustani likishalipa wakata majani, walinzi na taa, lina mstari wa watu wa kuchota kila wiki, au mbu ni wa wizara nyingine? Na watu hao wawe wa mitaa inayopakana na bonde, akina mama kwa vijana, wenye siku zao na mashina yao, na matokeo ya kuchota yabandikwe ofisi ya mtaa kama yanavyobandikwa majina ya wapiga kura. Muuza chapati akisoma kwamba wiki hii upande wetu zimechotwa kata mia na viluwiluwi vimepatikana katika mbili, ataacha kuhukumu kwa mchoro. Pia watu hao waondoe matairi, vifuu na vyombo vya plastiki vinavyoletwa na mto, maana homa ya dengi ya mwaka 2014 na ile ya 2019 haikutoka kwenye matete, ilitoka kwenye vyombo vyetu wenyewe.

Pili, wakati wa ujenzi. Bustani haitaisha leo wala kesho. Hivi sasa ndipo penye michirizi ya matairi, mashimo na marundo ya udongo. Miaka ya ujenzi ndiyo miaka ya hatari, na ndiyo miaka ambayo kila mtu atasema subirini tumalize.

Mimi goti la kushoto halinipeleki tena mtoni. Kata yangu ninayo, imetundikwa jikoni, na sijawahi kuichotea uji. Geti la upande wetu likishawekwa kufuli, ufunguo mmoja ukae ofisi ya serikali ya mtaa, usikae kwa mlinzi. Mdogo wake muuza chapati amemaliza kidato cha nne, miguu anayo. Nimeshamwonyesha kulala na kuning'inia.

Mama Viluwiluwi,
Buguruni, Dar es Salaam